Kabla ya Kutuni Injini, Gari Liwe Zima Kwanza

Katika gereji za Nyakato, Igoma na Mabatini jijini Mwanza, swali ambalo zamani lilikuwa la vijana wachache wenye Subaru sasa linaulizwa na watu wa kila aina, kuanzia mwenye Mark X anayepanda mlima wa Bugando kila asubuhi hadi mwenye Hilux ya dizeli anayepeleka mizigo Geita: je, inawezekana kuliongezea gari nguvu kwa kompyuta pekee, bila kufungua injini? Jibu fupi ni kwamba kwa baadhi ya magari inawezekana. Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu wengi wanaolisikia jibu hilo hudhani kuwa kompyuta hiyo hiyo itaondoa pia kumisi, kuchemsha, ulaji mkubwa wa mafuta na moshi wa bluu. Wapo wanaoahirisha hata kubadili plagi wakiamini kwamba akija fundi wa kompyuta atamaliza yote kwa mpigo mmoja. Makala haya yanaeleza kwa nini kazi ya kompyuta inapaswa kuwa ya mwisho, na ni mambo gani ya kimakanika yanayopaswa kuwa yamekamilika kabla gari halijaunganishwa na kompyuta ya mtu yeyote.

Kontroli boksi ni kompyuta ndogo ya gari inayoamua ni kiasi gani cha mafuta kiingie katika kila silinda na plagi itoe cheche wakati gani. Ndani yake mna majedwali ya namba yanayoitwa ramani. Kutuni, kwa maana inayotumika hapa, ni kubadilisha namba za ramani hizo ili injini itoe nguvu zaidi au ifanye kazi kwa namna tofauti na ile iliyopangwa kiwandani. Kubadili oili, filta na plagi ni sevisi, na kuzungusha skrubu za kabureta ili kupata sailensa nzuri, yaani mwunguromo tulivu gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, ni kazi ya magari ya zamani. Yote mawili ni tofauti na kutuni. Mafundi huita Steji 1 pale ambapo ramani pekee inabadilishwa na vifaa vyote vinabaki vya kiwandani, na Steji 2 pale ambapo vifaa kama bomba la moshi au rejeta ya hewa ya tabo (feni inayosukumia injini hewa zaidi) vimebadilishwa pia. Mgawanyo huu hauna kanuni rasmi, lakini ndio unaotumika karibu kila mahali.

Kontroli boksi haiioni injini

Ili kuelewa kwa nini gari bovu halituniwi, inatosha kuelewa jambo moja: kontroli boksi haiioni injini, inaamini inachoambiwa na sensa. Unapokanyaga mafuta, sensa ya hewa hupima hewa inayoingia, kisha kontroli boksi huangalia ramani na kukadiria muda ambao nozeli zinazopulizia mafuta zitabaki wazi. Kwa petroli, uchomaji kamili unahitaji takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta. Baada ya mlipuko, sensa ya oksijeni iliyoko kwenye bomba la moshi huchunguza hewa chafu inayotoka na kurudisha taarifa kama mafuta yalizidi au yalipungua. Kontroli boksi hupokea taarifa hiyo na kujisahihisha, na masahihisho hayo huhifadhiwa kwa asilimia ambayo mashine yoyote ya kawaida ya kupimia magari inaweza kuisoma.

Hapa ndipo udanganyifu usio wa makusudi unapojificha. Gari lenye mpira wa hewa uliopasuka, au lenye sensa ya hewa iliyojaa vumbi, linaweza kuendeshwa miezi mingi bila dereva kuhisi kitu, kwa sababu masahihisho hayo yanaongeza mafuta kimyakimya ili kufidia kasoro. Ukisoma kwa mashine na kukuta masahihisho ya kudumu yako ndani ya asilimia 5, juu au chini, injini inapumua vizuri; yakipita asilimia 10, kuna ugonjwa mahali fulani, hata kama taa ya cheki injini haijawaka. Tatizo ni kwamba katika magari mengi tunayoyatumia hapa, dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho, kontroli boksi huacha kusikiliza sensa ya oksijeni na kufuata ramani peke yake. Yaani pale pale injini inapobeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote, ndipo usahihishaji unapozimwa. Na sehemu hiyo ya kukanyaga hadi mwisho ndiyo hasa inayobadilishwa na fundi wa kutuni.

Kumtuni mgonjwa ni sawa na fundi cherehani kumpima mtu suruali siku ambayo mguu umevimba: suruali itamtosha siku hiyo, na uvimbe ukishuka itampwaya. Fundi anayetuni gari lenye nozeli iliyoziba ataongeza mafuta katika ramani hadi namba zionekane nzuri. Mwezi ujao mwenye gari akisafisha nozeli, ramani ile itamwaga mafuta kupita kiasi. Lakini huo ni upande usio na hatari kubwa. Upande wa hatari ni pale ambapo nozeli moja kati ya nne ndiyo iliyoziba, kwa sababu sensa ya oksijeni hupokea moshi uliochanganyika wa silinda zote na kutoa wastani. Wastani unaweza kuonekana mzuri huku silinda moja ikikosa mafuta, na silinda hiyo ndiyo itakayotoboka pistoni.

Kutoboka huko hutokana na kugonga. Katika hali ya kawaida, moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kwa mpangilio ndani ya silinda. Joto au mgandamizo ukizidi, au mafuta yakiwa duni, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hujilipukia yenyewe, na mawimbi ya mlipuko huo hupiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni. Dereva huweza kusikia mlio kama wa vipande vya chuma vikitikiswa, hasa mlimani, ingawa katika magari yenye redio na vioo vilivyofungwa mara nyingi hasikii chochote. Injini iliyotuniwa hufanya kazi karibu zaidi na mpaka wa kugonga kuliko injini ya kiwandani. Akiba ile ambayo kiwanda kiliiacha kwa ajili ya mafuta mabaya, joto na uzembe wa sevisi, ndiyo inayochukuliwa na kugeuzwa kuwa nguvu. Kwa hiyo kila kasoro ambayo zamani ilimezwa na akiba hiyo sasa haina pa kujificha.

Kipimo cha kwanza ni kompresheni

Kwa maoni yangu, mtu asitumie hata shilingi moja kwenye ramani kabla ya kupima kompresheni, yaani uwezo wa kila silinda kubana hewa. Kipimo hiki hakihitaji vifaa vya ajabu. Geji ya kompresheni ipo katika gereji nyingi, na kazi yote kwa injini ya silinda nne humalizika ndani ya saa moja. Lakini hufanywa ovyo mara nyingi, na ndiyo maana majibu yake hubishaniwa. Injini iwe imepata moto wa kawaida. Plagi zote zitolewe, si moja baada ya nyingine, ili sitata, yaani mota ya kuwashia gari, izungushe injini bila kizuizi. Fyuzi ya pampu ya mafuta ichomolewe ili petroli isimwagike ndani ya silinda, na koili zinazozipa plagi umeme zichomolewe. Mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho ili hewa iingie bila kuzuiwa, na betri iwe imejaa. Kisha kila silinda izungushwe kwa idadi ile ile ya mizunguko, na namba iandikwe kwenye karatasi, isikaririwe.

Kuna jambo la Mwanza ambalo mafundi wachache sana hulitaja. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 88 ya ule wa Dar es Salaam au Tanga. Injini haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Silinda ambayo pwani ingesoma PSI 180 (PSI ni kizio cha mgandamizo) itasoma karibu PSI 158 hapa, ikiwa nzima kabisa. Mtu anayelinganisha namba hiyo na kitabu cha kiwanda bila kujua hilo anaweza kuambiwa kwamba ringi zinazoziba kati ya pistoni na ukuta wa silinda zimekwisha na injini ishushwe, wakati haina ugonjwa wowote. Kinachoangaliwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Kama ya chini kabisa haijapungua zaidi ya asilimia 10 kutoka ya juu kabisa, unaweza kuendelea kwa amani. Ikikaribia au kupita asilimia 15, simama hapo.

Silinda iliyo chini hupimwa mara ya pili baada ya kumiminiwa oili kidogo, kijiko kimoja hivi, kupitia tundu la plagi. Namba ikipanda kwa kiasi kikubwa, oili imeziba nafasi iliyoachwa na ringi au ukuta wa silinda uliolika. Isipopanda, shaka inahamia kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Hakuna ramani duniani inayotibu mojawapo ya hali hizi.

Ukishatoa plagi kwa ajili ya kipimo hicho, zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake na uzitazame kwenye mwanga, kwa sababu plagi ni shahidi aliyekaa ndani ya moto. Kauri yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya injini inayochoma vizuri. Masizi meusi makavu huonyesha mafuta yaliyozidi au cheche dhaifu. Weusi wenye ulowevu wa oili huonyesha oili inayopita kwenye ringi au sili za valvu. Kauri nyeupe iliyopauka, yenye vijipele kama imeungua, huonyesha joto lililozidi, na vidoa vidogo vinavyong'aa kama vumbi la aluminiamu ni dalili kwamba pistoni imeshaanza kuliwa na kugonga. Plagi moja ikitofautiana na wenzake, ugonjwa uko katika silinda hiyo, si katika ramani.

Plagi mpya ziwe za namba inayopendekezwa na ziwe halisi, kwa kuwa plagi bandia zimejaa sokoni na huharibika haraka chini ya mzigo. Kwa injini za tabo, fundi wa kutuni mara nyingi huomba mwanya wa plagi upunguzwe kidogo, kwa sababu hewa iliyobanwa zaidi ni ngumu kwa cheche kuivuka. Muulize kabla hujanunua. Koili inayomisi mara moja moja ukiwa mlimani ibadilishwe, isisubiri kufa kabisa.

Hewa, vumbi na wadudu wa ziwani

Magari ya kanda hii hupumua hewa yenye vumbi jingi, hasa yanayopita barabara za changarawe za pembezoni mwa jiji na vijiji vya Misungwi, Magu na Sengerema. Filta ya hewa inayopulizwa kwa kompresa na kurudishwa mara nyingi huishia kuwa na matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na vumbi linalopita humo hula kuta za silinda na kutanda kwenye waya mwembamba wa sensa ya hewa. Sensa hiyo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Haiguswi kwa kitambaa wala kidole. Filta inunuliwe mpya. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote vitakavyotajwa katika makala haya.

Baada ya filta, tafuta mahali ambapo hewa inaingia au kutoka kwa wizi. Katika injini isiyo na tabo, hewa ya wizi hupenya kupitia mipira iliyopasuka au gasketi ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa) na kufanya sailensa iyumbe. Katika injini yenye tabo, mipira inayotoka kwenye tabo huvuja hewa iliyokwisha kupimwa, na gari hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Njia nzuri zaidi ya kutafuta ni mashine ya moshi, ambayo hujaza mfumo moshi mwepesi ili uonekane unapotokea. Isipopatikana, mfumo wa tabo unaweza kujazwa hewa ya mgandamizo mdogo na maungio yakapakwa povu la sabuni. Wapo mafundi wanaopulizia petroli au dawa ya breki kwenye injini inayounguruma ili kusikia mlio ukibadilika. Tabia hiyo imeshaunguza magari na haifai kuigwa.

Mwenye gari la kuingiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama Mark X na Crown nyingi zenye injini ya 4GR-FSE, ana jambo la ziada. Katika injini hizi petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo haizioshi, na mvuke wa oili huganda juu yake na kuwa kaboni ngumu. Dawa ya kumwaga kwenye tangi haiwezi kuifikia kaboni hiyo, kwa sababu mafuta yenyewe hayafiki hapo. Manifoldi inabidi ifunguliwe na valvu zisafishwe kwa mkono au kwa mashine.

Kuhusu kupoza injini, ipo imani moja ambayo imeharibu magari mengi kuliko inavyodhaniwa: kwamba themostati ikitolewa gari halitachemsha tena. Themostati ni valvu inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na nyingi za magari ya Toyota huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Ikitolewa, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, kontroli boksi hudhani gari limewashwa sasa hivi na kuongeza mafuta, masahihisho yanachelewa kuanza, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, na ulaji wa mafuta hupanda. Fundi anayetuni gari la namna hiyo anafanya kazi kwenye injini isiyofika joto lake. Kama gari lilikuwa linachemsha, sababu yake ni rejeta iliyoziba, pampu ya maji, feni, mfuniko au gasketi, na sababu hiyo bado ipo hata baada ya themostati kutupwa. Kuipima themostati ni rahisi. Iweke ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto, washa jiko, na utazame. Ikibaki imefunga hadi maji yanachemka, au ikiwa wazi maji yakiwa baridi, imekufa.

Mfuniko wa rejeta nao haupewi heshima unayostahili. Kwa mwinuko wa Mwanza, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini yenye joto la nyuzi 100 na zaidi ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko ule wenye springi na mpira. Mpira ukikauka, mgandamizo unatoka na maji yanachemka, na mwenye gari anashauriwa kununua rejeta nzima. Badili mfuniko kwanza. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, badala ya maji ya bomba au ya ziwa, kwa sababu maji matupu hayana kinga ya kutu. Kisha chungulia mbele ya rejeta: katika vipindi ambavyo wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama wingu na kuingia mjini, mapezi ya rejeta ya gari linalopita barabara za kando ya ziwa huziba kwa wadudu na vumbi lililogandamana. Yaoshwe kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, maana maji ya kasi kubwa huyalaza mapezi.

Mafuta utakayoyapata njiani

Magari mengi yenye tabo tunayoyaagiza kutoka Japani yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya nchini humo, ambayo kiwango chake cha chini cha okteni ni 96, wakati petroli ya kawaida ya huko huanzia 89. Okteni ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia yenyewe. Namba ikiwa kubwa haimaanishi kwamba petroli ina nguvu zaidi, ingawa wengi wanaamini hivyo. Gari lisilohitaji okteni ya juu halipati faida kubwa likiwekewa, na gari linaloihitaji likinyimwa litagonga au kontroli boksi itachelewesha cheche ili kujinusuru, na nguvu itapungua.

Tatizo la pili ni uchakachuaji. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hushuka okteni kwa kiasi kikubwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kutambua yaliyochanganywa, na hatua hiyo ilisaidia, lakini petroli inayouzwa kwenye madumu na chupa kandokando ya barabara au katika visiwa haina wa kuithibitisha. Kwa hiyo ramani itengenezwe kwa mafuta ambayo gari litayapata siku mbaya, si siku nzuri. Kama unasafiri mara kwa mara kwenda Ukerewe, Chato au Ngara, mwambie fundi ukweli huo na umwombe aache akiba. Nguvu kidogo utakayoikosa ni bei nafuu ya pistoni zako.

Filta ya mafuta ibadilishwe, nozeli zipimwe kwa mashine kama zinatoa kiasi kinacholingana, na mgandamizo wa pampu upimwe gari likiwa chini ya mzigo. Pampu iliyochoka huweza kutoa bar 3 za kawaida gari likiwa sailensa, kisha ikashuka pale injini inapodai mafuta mengi. Kipimo cha sailensa pekee hakitoshi.

Kwa dizeli, maelezo yaliyo hapo juu ya plagi na okteni hayahusiki, lakini kanuni ni ile ile. Nozeli za dizeli zipimwe kiasi cha mafuta zinachorudisha, tabo ichunguzwe kama shafti yake inacheza, na manifoldi isafishwe masizi. Imani kwamba moshi mweusi mzito ni dalili ya nguvu haina msingi. Moshi huo ni dizeli uliyoilipia na haikuungua, na mafuta yakizidi hewa kwenye dizeli joto la moshi hupanda hadi kuunguza tabo na pistoni.

Oili, masega na vinavyobeba nguvu

Oili ibadilishwe kabla ya siku ya kutuni, kwa unene unaotajwa na kiwanda. Injini inayopunguza oili kwa kasi isituniwe hata kama kompresheni yake inaonekana nzuri, kwa sababu mvuke wa oili unaoingia kwenye silinda hushusha uwezo wa petroli kuhimili kugonga.

Masega yaliyo kwenye bomba la moshi husafisha hewa chafu, na yakiyeyuka au kuziba huifanya injini ishindwe kutoa pumzi. Gari huenda vizuri polepole na kugoma kupandisha mwendo. Suluhisho la masega yaliyoziba ni kutafuta kwanza kilichoyaziba, ambacho mara nyingi ni kumisi kwa muda mrefu au oili inayoungua, na kisha kuweka mengine. Kuyatoa yaliyo mazima kwa matumaini ya kupata nguvu nyingi ni kujidanganya kwa magari mengi ya kawaida, na moshi wake tunauvuta sisi wenyewe katika foleni ya Barabara ya Nyerere.

Nguvu ikiongezeka, klachi iliyokuwa inakaribia kuteleza itateleza siku hiyo hiyo, na giaboksi ya otomatiki yenye oili nyeusi inayonuka kuungua itakufa mapema. Breki, matairi na shokapu navyo viwe vizima. Hili si suala la kubembelezana: gari linaloharakisha zaidi hufika kwenye kivuko cha watembea kwa miguu na kwenye bodaboda likiwa na mwendo mkubwa zaidi, na mteremko wa Bugando au ule wa kuingia Igoma hauulizi kama umeongeza breki. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa.

Matarajio na siku yenyewe

Mwenye IST, Vitz au Noah isiyo na tabo aambiwe ukweli kabla hajatoa fedha. Injini isiyo na tabo huvuta hewa iliyopo, na Mwanza hewa hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 10. Hakuna namba ya kompyuta inayoirudisha hewa isiyokuwepo, na faida ya ramani pekee kwa gari la namna hii mara nyingi ni ndogo kiasi kwamba sevisi kamili huonekana zaidi kwenye usukani. Kwa injini za tabo, faida huwa kubwa, lakini mwinuko bado una neno lake: ili kufikia mgandamizo ule ule, tabo inabidi izunguke kwa kasi zaidi kuliko pwani na hewa inayotoka humo inakuwa ya moto zaidi. Kwa sababu hiyo faili lililotengenezwa kwa gari jingine Dar es Salaam na kutumwa kwa simu lisikubaliwe kuwekwa kama lilivyo, hata kama magari yanafanana rangi na mwaka. Ramani inayoaminika hutengenezwa kwa kusoma data za gari lako, likiwa barabarani au kwenye mashine ya kupima nguvu, kisha kurekebishwa na kusomwa tena.

Matengenezo yote yakikamilika, usiende kutuni kesho yake. Liendeshe gari kwa kilomita mia kadhaa katika safari za kawaida, ikiwemo mlima na barabara ndefu kama ya Shinyanga au Musoma, halafu usome tena masahihisho ya mafuta, uangalie usawa wa oili na kulanti, na uhakikishe hakuna kosa jipya kwenye kontroli boksi. Kifaa kipya kikiwa kibovu, kitajionyesha katika kipindi hicho. Siku ya kutuni nenda na karatasi ya kompresheni, aina ya plagi uliyoweka, na mafuta ya kituo unachokitumia kila siku. Fundi makini atayataka hayo, na atakataa kazi akiona namba haziridhishi. Kukataa huko ndiko kunakoonyesha kwamba umempata fundi. Mwombe asome na kukuhifadhia nakala ya faili la awali, kwa sababu siku ukitaka kuliuza gari au kulirudisha katika hali ya kiwandani utalihitaji.

Baada ya kilomita 1,000 hivi, toa plagi uzitazame tena na ulinganishe data mpya na zile za siku ya kutuni. Na ukibadilisha nozeli, pampu, tabo au chochote kwenye njia ya hewa baada ya hapo, rudi kwa aliyetuni kabla hujalikanyaga gari hadi mwisho.